Unywele wa Nyusi: Mhadhara Kuhusu Mashahidi wa Bigfoot na Kazi Zao



Kabla sijaingia ukumbini, kijana mmoja alinisimamisha pale ngazini. "Shikamoo mzee. Eti wewe unaamini yule Bigfoot wa Marekani yupo kweli?" Nikamwitikia marahaba, lile la pili nikamwomba asubiri. Hakusubiri. "Maana mzee, waliomwona si walevi. Kuna polisi, kuna madaktari, kuna wanajeshi."

Namshukuru, amenipunguzia utangulizi. Mimi si bwana nyama, na habari za viumbe wa misitu ya Amerika ya Kaskazini nimezisoma kama mnavyozisoma ninyi. Lakini nimekaa kwenye kiti cha hakimu zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwasikiliza watu wakieleza walichokiona gizani. Kwa hiyo leo sitamshughulikia sana Bigfoot. Nitaishughulikia ile sentensi ya mwisho ya kijana wetu: kuna polisi.

Tuanzie mahali jina lilipozaliwa. Mwaka 1958, huko Bluff Creek, kaskazini mwa California, kulikuwa na kazi ya kuchonga barabara msituni. Dereva mmoja wa tingatinga, Jerry Crew, alifika asubuhi akakuta nyayo zimeizunguka mashine yake. Zilikuwa nyayo za mfano wa mguu wa binadamu, ila urefu wake inchi 16, yaani kama sentimita 40. Zilipoendelea kuonekana, Crew alimimina plasta ndani ya unyayo mmoja, ikakauka, akaibeba hadi gazeti la Humboldt Times. Mwezi Oktoba gazeti likachapisha picha yake ameishika ile plasta kifuani, pamoja na neno ambalo wafanyakazi wa barabara walikuwa wakilitumia kwa utani: Bigfoot, Mguu Mkubwa. Wenyeji wa asili wa pwani ile, hasa upande wa British Columbia nchini Kanada, walikuwa na masimulizi yao ya kale juu ya watu wa mwituni, na humo ndimo lilimotoka lile jina jingine, Sasquatch. Lakini Bigfoot wa magazeti ni mtoto wa 1958.

Sasa mtazameni Crew kwa jicho la mahakama. Ni mfanyakazi, mtu wa familia, hana sababu ya kutunga. Anasema aliona nyayo kubwa. Je, alisema kweli? Alisema kweli tupu. Nyayo zilikuwepo, na plasta haiumbwi kwa maneno matupu. Mwaka 2002 alifariki Ray Wallace, mkandarasi aliyekuwa na ile kazi ya barabara, na familia yake ikatoa hadharani miguu mikubwa ya mbao iliyochongwa, ikasema mzee wao ndiye aliyekuwa akikanyagia udongo kwa mzaha. Wapo wanaobisha mpaka leo kwamba mbao zile haziwezi kueleza kila unyayo ulioonekana. Wabishe tu. Ninachotaka mkishike ni kwamba shahidi anaweza kuwa mkweli kuanzia utosini hadi kisiginoni, na jambo lenyewe likawa mbao.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilijua hili kabla yetu sote. Mpokezi wa hadithi walimpima kwa vitu viwili. Kwanza uadilifu wake: ni mtu wa dini, hasemi uongo? Pili kile wanachokiita dhabti: anashika sawasawa alichokisikia, hachanganyi? Wako wapokezi waliosifiwa kwa ucha Mungu, kisha riwaya zao zikawekwa kando kwa sababu kumbukumbu yao haikuwa imara. Hakuna aliyeona kwamba wametukanwa.

Na kuna kisa ambacho vitabu vya wasifu vinakisimulia, mimi nakipenda kuliko kesi yoyote niliyowahi kuisoma. Anas bin Malik, sahaba aliyemtumikia Mtume tangu utotoni, alikuwa amekwisha kukaribia miaka mia. Watu wametoka kuutafuta mwezi mwandamo. Anas akasema: nauona, ule pale. Wengine wakakodoa macho, hawaoni kitu. Sasa nani atathubutu kumwambia Anas kwamba hakuona? Palikuwapo Iyas bin Muawiya, mtu mwerevu ambaye baadaye alikuja kuwa kadhi wa Basra. Hakuitazama mbingu, alimtazama Anas usoni. Akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi zake umepinda ukaning'inia mbele ya jicho. Akaulaza kwa kidole, kwa adabu, kisha akasema: Ewe Abu Hamza, hebu tuonyeshe tena mwezi. Anas akatazama. Akasema: siuoni.

Hapo hapana uongo wala uzembe, na cheo cha shahidi hakina wa kukifikia. Ila palikuwa na unywele.

Nirudi Marekani, maana nawaona wengine mnatabasamu mkidhani nitakesha Basra. Hoja ya kazi ya shahidi, ukiifungua, ina vyumba viwili. Cha kwanza kinasema: polisi hawezi kudanganya, atapoteza kazi. Cha pili kinasema: polisi hawezi kukosea, amefundishwa kuangalia. Watu huvichanganya, na ndipo hoja inapoonekana nzito kuliko ilivyo.

Chumba cha kwanza kina ukweli kiasi. Mtu mwenye cheo ana cha kupoteza, na wengi wao hawadanganyi. Lakini Agosti 2008 askari polisi mmoja wa kaunti ya Clayton, jimbo la Georgia, pamoja na mwenzake aliyewahi kuwa askari magereza, walitangaza kwamba wana mzoga wa Bigfoot ndani ya friza. Waandishi wa habari waliitwa huko Palo Alto, California, picha zikazunguka dunia nzima, na kila taarifa ikaanza na neno polisi. Barafu ilipoyeyuka, kichwa kilikuwa kitupu ndani na miguu ilikuwa ya mpira. Lilikuwa vazi la sokwe la dukani. Yule askari alifukuzwa kazi. Kwa hiyo ni kweli kwamba angepoteza kazi, na ni kweli pia kwamba hilo halikumzuia.

Cha ajabu zaidi ni kisa cha ziwa Loch Ness, kule Scotland, ambako kazi ya shahidi ndiyo iliyokuwa jina la ushahidi wenyewe. Gazeti la Daily Mail lilimwajiri Marmaduke Wetherell, mwindaji wa wanyama wakubwa, akalitafute lile dude linalodaiwa kuishi ziwani humo. Mwindaji kamili, aliyezoea pori la Afrika: nani angefaa zaidi? Desemba 1933, baada ya siku chache tu, akakuta nyayo ufukweni. Plasta ikapelekwa kwenye Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili London, na wataalamu wakajibu kwamba huo ni mguu wa kiboko. Tena mguu mmoja ule ule uliokandamizwa tena na tena, mguu uliokaushwa kama ile iliyokuwa ikigeuzwa mapambo ya nyumbani. Kiboko wetu, maskini, alisafirishwa vipande vipande mpaka Scotland kwenda kutoa ushahidi wa uongo.

Wetherell aliaibika, na aibu hiyo haikumtuliza. Aprili 1934 gazeti lile lile likachapisha picha maarufu ya shingo ndefu ikichomoza majini. Safari hii aliyeileta hakuwa mwindaji, alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake wa London, Robert Kenneth Wilson. Dunia ikaiita picha ya daktari mpasuaji, na kwa miaka 60 jina hilo likafanya kazi ambayo picha yenyewe isingeweza kuifanya. Mwaka 1994 ikaelezwa wazi kwamba shingo ile ilikuwa sanamu iliyobandikwa juu ya manowari ya kuchezea watoto, imetengenezwa na akina Wetherell, na daktari alitafutwa makusudi kwa sababu jina lake lilikuwa safi. Hapo ndipo mnaona hatari ya chumba cha kwanza. Watu wakishazoea kuliamini koti jeupe, atakayetaka kuwadanganya atatafuta koti jeupe.

Lakini nisiwaonee mashahidi. Wanaosema wamemwona Bigfoot ni maelfu, na sidhani kwamba waongo ni wengi miongoni mwao. Wengi wameona kitu. Kwa hiyo chumba cha pili ndicho chenye mambo.

Sisi wa mahakama za Tanzania tuna kesi moja ambayo kila hakimu anaijua kama anavyolijua jina la mtaa wake: Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1980. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu sana, usitiwe maanani mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Kisha ikatuelekeza cha kuuliza. Shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Je, alikuwa amewahi kumwona kabla ya siku hiyo?

Nilipokuwa kazini niliyauliza hayo mpaka ndimi za mashahidi zikachoka. "Mwanga wa nini?" "Koroboi, mheshimiwa." "Koroboi ilikuwa wapi?" "Chumbani, mheshimiwa." "Na wewe?" "Uani." Umbali wanaupima kwa ukumbi: kama hapa nilipo hadi pale mlangoni, mheshimiwa, nami nashuka kitini kwa macho na kuandika hatua nane. Katika maswali yale ya Mahakama ya Rufani, hakuna linalouliza: unafanya kazi gani? Shahidi hutaja kazi yake mwanzoni, pamoja na umri na dini, tunaiandika, tunaendelea.

Mimi nadhani hata wawindaji wa Bigfoot wenyewe, ndani ya nafsi zao, wanakubali hivyo. Shirika lao kubwa, BFRO, lililoanzishwa mwaka 1995, hupanga taarifa kwa madaraja A, B na C. Daraja A ni kuonekana wazi, mahali ambapo nafasi ya kukosea ni ndogo. B ni kwa mbali, au katika mwanga hafifu, au sauti tu bila umbo. C ni habari za kuambiwa. Hakuna daraja la polisi wala daraja la mkulima. Madaraja yao yanapima mazingira ya tukio, si mtu. Ni Waziri Amani yule yule, ila amevaa koti la baridi.

Na lile swali la nne, la kumfahamu kabla, ndilo linalowavunja wote kwa pamoja. Ukimtambua jirani yako gizani, una sura yake kichwani ya kulinganisha. Nani amewahi kumjua Bigfoot kabla? Kila shahidi anamtambua mgeni ambaye sura yake ameipata kwenye ile filamu fupi iliyopigwa na Roger Patterson na Robert Gimlin huko huko Bluff Creek, tarehe 20 Oktoba 1967, au kwenye michoro iliyoiga filamu hiyo. Hata jaji wa Mahakama ya Rufani akipelekwa msituni usiku hana cha kulinganisha nacho.

Mtasema: basi tuchukue watu ambao kuangalia ndiyo riziki yao. Tuwachukue. Mwaka 2013 watafiti watatu wa Marekani, Trafton Drew na wenzake, waliwapa madaktari 24 bingwa wa kusoma picha za mionzi kazi yao ya kila siku: tazameni picha hizi za mapafu, tafuteni vivimbe. Ndani ya picha za mwisho wakapachika umbo la sokwe, kubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona. Kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba wengi wao macho yao yalipita pale pale aliposimama.

Nafurahi sana na jaribio hili, kwa sababu limemgeuza Bigfoot chini juu. Huku tunaambiwa tumwamini mtaalamu aliyemwona sokwe asiyekuwepo, na kule wataalamu wameshindwa kumwona sokwe aliyekuwepo. Sababu ni moja. Kazi humfundisha mtu kuona kitu fulani, na jicho lililonolewa kwa vivimbe linaona vivimbe.

Marubani nao wana hadithi yao. J. Allen Hynek, mwanaastronomia aliyekuwa mshauri wa Jeshi la Anga la Marekani kuhusu vyombo visivyotambulika angani, hakuwa mtu wa kudharau mashahidi. Wengi walimlaumu kwa kuwaamini kupita kiasi. Lakini alipochapisha hesabu zake mwaka 1977, alikuta kwamba rubani akiwa shahidi peke yake alikuwa amekosea kutambua kitu katika asilimia 88 ya taarifa za marubani wa jeshi, na asilimia 89 kwa marubani wa ndege za abiria. Watu wa kazi za ufundi na sayansi walikosea kwa kiwango cha chini ya hapo, ingawa nao walikosea mno. Mimi naona rubani hana kosa. Akiona mwanga mbele yake, swali lake la kwanza ni kama utamgonga, na sayari ya Zuhura inayodhaniwa kuwa ndege haimdhuru mtu, ila ndege inayodhaniwa kuwa Zuhura itaua watu mia mbili. Amefundishwa kukosea upande wa usalama. Polisi wa zamu ya usiku naye vivyo hivyo: akiona kitu kimesimama wima kando ya barabara, mafunzo yake yanamwambia ni mtu mpaka ithibitike vinginevyo.

Kitu gani husimama wima katika misitu ile? Dubu. Dubu mweusi wa Amerika, ambaye licha ya jina lake anaweza kuwa wa rangi ya kahawia, husimama kwa miguu ya nyuma anaponusa au anapochungulia. Mwaka 2009 wanaikolojia wakiongozwa na Jeffrey Lozier walichora ramani ya mahali Bigfoot alipoonekana magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, wakailinganisha na ramani ya makazi ya dubu mweusi. Zikafunikana. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine wa Floe Foxon, ulioangalia majimbo ya Marekani na Kanada: kila dubu 1,000 wakiongezeka, taarifa za Bigfoot huongezeka kwa asilimia 4 hivi, hata baada ya kuzingatia idadi ya watu na ukubwa wa msitu. Hapo sasa ningependa kujua kazi ya shahidi! Nisingemuuliza kama ana cheo au la, ningemuuliza amewaona dubu wangapi maishani wakiwa wamesimama, wakiwa wagonjwa wa ngozi na manyoya yamewanyonyoka, wakitazamwa kwa nyuma, jioni, mvua ikinyesha. Mwaka 2007 kamera iliyofungwa mtini huko Pennsylvania ilipiga picha ya kiumbe mwembamba mwenye miguu mirefu, watu wakashangilia. Idara ya wanyamapori ya jimbo ikasema ni dubu mwenye ukurutu. Nesi ambaye hajawahi kumwona dubu wa ukurutu hawezi kumtambua, hata awe na uaminifu wa kukabidhiwa funguo za benki.

Kwa hiyo sikatai kwamba kazi ina uzito. Ina uzito mahali pembamba sana, pale ambapo kazi yenyewe ni kukitambua kitu kile kile, na ambapo mtu akikosea husahihishwa siku hiyo hiyo. Juni 1982 mlinzi mmoja wa idara ya misitu, karibu na Walla Walla, jimbo la Washington, alisema amemwona Bigfoot, na nyayo zikapatikana. Mfanyakazi wa misitu, tena serikalini! Profesa Grover Krantz wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, mwanaanthropolojia halisi, alizitazama plasta, akaona michirizi ya ngozi kama ya vidole vyetu, akaridhika. Ikaitwa pia idara ya ulinzi wa mpaka, ikamtuma mfuatiliaji nyayo, mtu ambaye riziki yake ni kusoma udongo uliokanyagwa na wavukaji wa usiku. Huyo hakuhangaika na michirizi. Aliangalia jinsi mtu mzito anavyopaswa kuusukuma udongo anapopanda mlima na anapogeuka, akasema nyayo zimebandikwa. Wote wawili walikuwa wataalamu, ila mmoja wao kila siku alifika mwisho wa nyayo akamkuta mwenye nyayo.

Na tuulize pia kwa nini tunazisikia kazi hizi. Katika simulizi za Bigfoot, shahidi akiwa polisi, neno polisi linatajwa kabla ya mahali na saa. Akiwa mtu wa vibarua anaitwa "mwanamume mmoja". Kwa hiyo unayesoma unabaki na picha kwamba msitu umejaa maofisa. Juu ya hilo, Marekani ina polisi zaidi ya laki sita, na ni wao, pamoja na wawindaji na madereva wa malori, wanaokuwa barabarani saa nane za usiku karibu na miti. Wakiwa wengi kiasi hicho na gizani kiasi hicho, makosa machache ni lazima, kama vile katika mji wenye wauza samaki wengi utakutana na mwuza samaki mwenye kigugumizi.

Najua wapenzi wa Bigfoot wana jibu lao, na ni jibu zuri: okapi. Wanasema sayansi ilimkana mnyama huyu wa msituni pia mpaka 1901. Hebu tumfuate huyo, maana yuko jirani, Ituri, nchini Kongo, na wapo humu wanaokitamka Kiswahili cha upande huo.

Mwaka 1900 Sir Harry Johnston, Kamishna Maalumu wa Uingereza huko Uganda, aliwarudisha kwao Wambuti waliokuwa wamekamatwa na Mjerumani aliyetaka kuwapeleka Paris wakaonyeshwe. Njiani akawauliza habari za mnyama wa msituni anayefanana na punda, na wakamweleza vizuri, rangi yake na milia ya miguuni. Huko Mbeni, kwenye ngome ya dola ya Kongo, askari walikuwa wamevaa mikanda ya ngozi yenye milia hiyo hiyo, naye akapata vipande viwili. Kisha wenyeji wakampeleka msituni, wakamwonyesha nyayo, wakamwambia: huyu ndiye. Johnston akainama akaona kwato zilizogawanyika mara mbili. Yeye alikuwa amekwisha kuamua kwamba anamtafuta punda, na punda ana kwato moja. Akadhani wanamwonyesha nyayo za pofu, akakataa.

Vile vipande vya mikanda vilifika London, na kwa kuvitazama peke yake wataalamu wakamwandika mnyama katika jamii ya farasi na punda. Mwaka 1901 ofisa mmoja wa Sweden aliyekuwa akitumikia dola ya Kongo alituma ngozi nzima na mafuvu mawili. Miezi si mingi, mabishano yakaisha: kwato mbili, jamaa wa twiga. Toka plasta ya Jerry Crew mpaka leo imepita zaidi ya miaka 65, na hakuna aliyeleta hata jino.

Wambuti wale hawakuwa na kazi ambayo gazeti la London lingeiandika mbele ya majina yao. Waliona kwa karibu, mchana, mara nyingi, mnyama waliyemjua, na walipoulizwa walionyesha kwa kidole mahali pa kutazama. Bwana Kamishna ndiye aliyekuwa na cheo, na unywele wake ulikuwa kwato ya punda. Vitabu vya wanyama mpaka leo vinamwita okapi Okapia johnstoni.